Jeshi Lisilogawika

Wapokezi wa habari wanasimulia kwamba mji wa Marjani ulitawaliwa na Sultani Ghalibu, kijana mwenye insafu na uadilifu ambaye bado hajaoa, na siku moja Dahmari, mfalme wa majini, akashuka na jeshi lake mbele ya lango akatangaza kuwa kesho alfajiri atauvunja mji.

Nuzha, binti wa marehemu waziri, alifunzwa na babake elimu ya hesabu na ada za majini. Alijua kuwa jeshi lao halipigi hatua, kwenda wala kurudi, mpaka lijipange safu nyingi zilizo sawa, wawili au zaidi kila safu, asibaki hata mmoja nje. Na askari hatoki jeshini ila akitolewa zawadi kwa mjumbe aliyemwomba. Akawahesabu majini toka juu ya lango, akapiga hesabu zake, kisha akaenda kwa sultani.

"Bwana wangu, nitume mimi."

"Wakikudhuru, nitamjibu nini babako siku ya kiyama?"

"Na mji ukivunjwa, utawajibu nini watu wake wengine?"

Sultani akamruhusu.

Dahmari alimpokea kwa fahari. "Hawa ni elfu nane mia moja tisini na wawili," akasema. "Wagawe nusu, na nusu ya nusu, hutakwama mpaka abaki mmoja. Omba utakacho."

"Nipe mtumishi mmoja tu."

Dahmari akacheka, akampa. Nuzha akarudi mjini na jini wake.

Alfajiri majini wakajipanga wawili wawili, akabaki mmoja. Wakajipanga watatu watatu, na watano watano, na saba saba, na kumi na tatu kumi na tatu, na kila mara akabaki mmoja. Kwa kumi na mmoja wakabaki saba. Nuzha alitazama toka ukutani. Alikwisha kujaribu kila kigawanyo hadi tisini, na kupita hapo hakuna haja, kwani kila kigawanyo kikubwa kina mwenziwe mdogo. Hata hivyo alihofu asije akawa amekosea mahali.

Siku zikapita, na jeshi limeganda uwandani. Dahmari akaja chini ya ukuta, sauti imempungua.

"Binti, umetufanyia sihiri gani?"

"Si sihiri. Mmebaki namba tasa, nayo haigawiki ila kwa moja na kwa nafsi yake."

"Basi omba mwingine. Nitakupa hata kumi."

"Mmoja atatosha. Lakini uape kwanza, kwa pete ya Nabii Suleimani, kuwa wewe na kizazi chako hamtarudi Marjani."

Dahmari akaligeukia jeshi lake, akalitazama kitambo, akaapa. Nuzha akamwomba mmoja, na waliosalia wakajipanga kumi kumi bila baki, wakaruka kwenda kwao.

Sultani akamposa Nuzha, naye akaridhia, na majini wale wawili wakawatolea lulu na johari za chini ya bahari, mji ukatajirika. Na watu wa Marjani wakawausia watoto wao: ajuaye la kuomba haombi mengi.