Makuka na Mawe ya Daraja la Kitopeni

Tulieni, watu wa Kitopeni, na anayejiona hana hatia akae mbele kabisa. Zamani za mababu wa mababu zetu, mji huu ulipokuwa bado hauna ukuta wala sifa, alizaliwa Makuka, mwana wa Dumila mfua vyuma na Mize mpima mtama. Makuka Nyundo-Haichoki, Makuka Bega-la-Mji, aliyeinua peke yake nguzo ya mvule pale wanaume wanane waliposhindwa na kubaki kulaumiana.

Mji wetu ni kisiwa cha mchanga, na mkondo wa Uge unaouzunguka una kasi ya kupindua mtumbwi wowote. Mashamba yako ng'ambo, na ng'ambo alikaa mfalme Ngwasha. Tulipojenga daraja la magogo, Ngwasha alilipita akaja kutuchinja. Tulipolivunja, tukafa njaa tukiyatazama mahindi yetu yakikauka upande wa pili. Makuka akakaa siku tatu sokoni mbele ya mizani ya mama yake, asile, mpaka watu wakamwona punguani. Alichokuwa akikitazama ni kwamba kitu kizito huinuliwa kwa kidole, kikipewa mwenzake wa uzito ule ule.

Basi akasimamisha minara miwili upande wa mji. Akalaza sakafu ya mvule juu ya mkondo, akaifunga kwa bawaba za chuma chini ya minara ili iweze kusimama wima kama mlango. Minyororo ikatoka kwenye ncha ya sakafu, ikapita juu ya magurudumu ya shaba yaliyo kileleni, ikashuka nyuma na kushika kasha kubwa lililoning'inia juu ya shimo refu. Kasha likishuka shimoni, daraja linapanda. Na kasha hilo lilihitaji mawe, nasi hatuna mawe; kwa hiyo kila nyumba ikavuka ng'ambo kuleta jiwe moja, ikalichonga alama yake, ikalitia humo kwa mkono wake. Yalikuwa mawe mia tatu na kumi na mawili. Siku hiyo wanawake wawili walizungusha gurudumu la kuvutia minyororo, chini ya mnara, na daraja zima likainuka huku wakipiga soga.

Makuka akatamka mbele ya mji: "Sitatia kufuli kwenye kasha hili, wala sitalikagua, maana kumkagua ndugu ni kumtukana. Lakini jiwe lisitoke. Mama yangu alinifunza kwamba mizani haimwonei mtu haya."

Mara saba Ngwasha alikuja, na mara saba alisimama ukingoni akitukana mpaka sauti ikamkauka.

Kisha likaja gonjwa la ndui. Tulizika mchangani, na upepo wa kusi ukaufagia mchanga, kenge wakafukua. Msiwahukumu upesi mama waliofiwa na watoto. Bibi wa mabibi zangu, Bi Mwashamba, alimkuta mwanawe Tungu amefukuliwa mkono, akamfukia upya kwa viganja, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kasha. Akatoa jiwe la nyumba yetu, lenye alama ya kitana, akaliweka juu ya kaburi la mtoto, kenge wasimfikie tena. Akajisemea, "Ni moja tu. Yamebaki mia tatu na kumi na moja." Na kila nyumba, kwa wakati wake na kwa machozi yake, ilijisemea hivyo hivyo.

Gurudumu likaanza kuhitaji watu wanne, kisha wanane. Makuka akaita baraza, akauliza, "Ndugu zangu, daraja limekuwa zito. Yupo aliyetoa jiwe?"

Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, na aibu ya peke yako haisemeki. Bi Mwashamba alitazama vidole vya miguu yake. Makuka akangoja, kisha akasema kwa upole ambao mpaka leo unatuchoma, "Basi ni mikono yangu inayozeeka." Kuanzia hapo kila asubuhi alilizungusha gurudumu peke yake, apate nguvu, nasi tulipita tukimwamkia.

Mawe yakazidi kupungua, na alasiri moja Ngwasha akarudi. Watu ishirini wakashika gurudumu. Daraja likainuka kiasi cha dhiraa moja, likagoma. Ndipo Makuka alipopanda mnarani na kufunua kasha kwa mara ya kwanza. Akatazama ndani, akatutazama sisi. Hakutaja jina la mtu. Akajifunga kifuani fuawe ya baba yake, lile chuma zito la kufulia, akatwaa begani nguzo ile ya mvule, akaruka ndani ya kasha.

Minyororo ikalia. Kasha likazama shimoni, daraja likasimama wima, na askari wa mbele wa Ngwasha wakaporomokea mkondoni. Lakini waliosalia hawakuondoka. Waliketi ukingoni kungoja, na maji ya mkondo yalikuwa yakijaa, yakipenya shimoni.

"Msinitoe!" Makuka akaita kutoka chini. "Nikitoka, daraja linashuka. Leteni mawe yenu!"

Hapa ndipo dhambi yetu ilipo, jamani, si pale makaburini. Mawe yalikuwa karibu, mwendo wa kuchemsha uji. Lakini wa kwanza kwenda angekuwa amekiri. Kila mmoja alimngoja mwenzake atangulie. Bi Mwashamba alisikia maji yakifika kifuani mwa Makuka, akamsikia akiita mara ya pili, mara ya tatu, naye amesimama tu. Walipokwenda hatimaye, walikutana wote makaburini, mji mzima, kila mtu na jiwe kichwani, wakaangaliana. Waliporudi, hakuna aliyeita tena.

Waliyashusha mawe juu yake, moja moja. Ngwasha akaona daraja haliteremki, akaondoka.

Hatukumtoa Makuka. Ndiyo maana makaburi ya Kitopeni hayana mawe mpaka leo, na ndiyo maana daraja letu hupanda kwa wepesi lakini halishuki mpaka tulisukume kwa mabega: kasha limezidi uzito wa mtu mmoja. Kila asubuhi tukienda shambani, tunamwinua yeye.

Leo ni siku ya kutaja, kila nyumba ikiri jiwe lake. Alama ya nyumba yetu ni kitana. Sisi tulitoa jiwe, tukanyamaza. Nimetangulia mimi, haya, nani anafuata?