Jembe la Mgeni

Mbwarali alitamani sana mbio za punda, ila hata kamba ya punda hakuwa nayo. Akapiga hodi kwa Bwana Famau, bahili mwenye punda hodari, akapokewa kama mgeni: akala, akalala, akala tena.

Siku ya tatu, siku ya mbio, Famau akafoka, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"

"Nipe, bwana, nilime. Ila punda usinipandishe, nitakufa!"

"Kumbe! Basi leo utampanda wangu, tena bure. Wapandaji wamezidi kunidai ujira."

Mbwarali alilia njia nzima, akafika wa kwanza.

Famau alipomshika beberu wa tuzo, wazee wakamzuia. "Desturi ni ileile. Mpandaji asiyelipwa, tuzo ni yake."

"Jembe ulinipa mwenyewe, bwana," Mbwarali alisema, akimfungua beberu. "Haya ndiyo mavuno."