Ukoka wa Eliapenda

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, maana mbolea ya urea ilikwisha kuuzwa madukani, kulikuwa na mzee mmoja huko Uchaggani akiitwa Nderingo. Mkewe Eliapenda alipanda ukoka mbele ya nyumba, kipando kwa kipando, ukajaa ua mzima. Kila Krismasi watoto waliporudi kutoka mijini, walikaa juu ya ukoka ule wakala. Mama akafa, wakamzika pembeni mwa ukoka huo. Basi ukoka ukaanza kugeuka manjano.

Mzee akawaita watoto wake watatu. "Krismasi ukoo wote utakuja hapa. Sitaki mama yenu alale kando ya majani ya manjano. Mtoto atakayeyarudisha kijani, nyumba hii ni yake."

Ndeshi, binti aliyeachika akarudi nyumbani, ndiye aliyemwogesha mama mpaka siku ya mwisho. Akauliza, "Hata mimi, baba?"

"Nimesema mtoto."

Neno hilo likamkaa Ndeshi moyoni. Kwao binti hapewi nyumba, na kaka akiirithi, yeye atafunga virago aende asikokujua. Akachukua samadi ya ng'ombe iliyooza ikawa kama udongo, akaichekecha, akaitawanya nyembamba, akamwagilia. Samadi haina haraka. Lakini pole pole ukoka ukaanza kurudi.

Hakumwambia mtu. Na kaka zake hawakumwambia mtu, maana kila mmoja alitaka asifiwe peke yake mbele ya ukoo. Ugonjwa wa nyumba ile ulikuwa huo.

Asubuhi moja akaja Manase, kaka mkubwa, na urea. Ndeshi akamwona dirishani akiimwaga viganja kwa viganja kama anayelisha kuku. Hakumwagilia hata tone, akarudi mjini. Alasiri ile ile akaja Aikaeli, kitinda mimba, na mbolea mbichi ya kuku, ingali na moto, akairundika juu ya ile ya kaka yake. Naye akaenda zake.

Ndeshi akatoka nje, akashika mpira wa maji. Alijua vizuri: akilowesha ukoka sana sasa hivi, mbolea itashuka chini na majani yatapona. Akiacha, jua litamaliza kazi. Akasimama pale akiwaza. Nikimwagilia, majani yatapendeza, na sifa atachukua Manase. Mimi nitaambiwa asante, kisha nitaambiwa nenda. Roho ikamuuma, lakini akaukunja mpira, akaingia jikoni kuchambua maharage.

Ukoka ukaungua wote, ukawa rangi ya majivu mpaka ukingoni mwa kaburi.

Krismasi ukoo ukaja. Hakuna aliyekaa chini. Walikula wamesimama, kama watu waliokuja kudai.

Mzee akasema, "Aliyeua majani ya mke wangu ataondoka leo, na hapa hatakanyaga tena. Nani?"

Manase akasema, "Mimi nilileta mbolea nzuri, baba. Maji nilijua yatamwagwa, si kuna mtu nyumbani? Aikaeli ndiye aliyeongeza moto juu ya moto."

Aikaeli akasema, "Ningejuaje kama kaka ameshatia? Angesema, nisingetia. Kosa langu ni kutojua, na kutojua si kuua."

Ndeshi akasema, "Mimi ndiye niliyeanza kuurudisha, kwa samadi. Na niliwaona wakiuunguza. Mpira ulikuwa mkononi mwangu, nikauweka. Ningeuokoa, leo nisingekuwa na pa kulala."

"Mmesikia," Manase akasema. "Aliona, akanyamaza."

"Nilipomwogesha mama nanyi mliona, mkanyamaza," Ndeshi akamjibu.

Hapo shangazi yao akamgeukia mzee. "Na wewe, kaka, uliyewashindanisha watoto juu ya kaburi la mama yao? Wewe hukuua kitu?"

Mzee Nderingo aliinama akang'oa kishungi cha ukoka, kikatoka mzimamzima na mizizi yake, kikavu. Ndeshi alikuwa tayari ameingia ndani kukunja nguo zake.

Haya, msinitazame mimi, mimi nimemaliza. Manase aliyetia bila maji, Aikaeli aliyetia bila kuuliza, Ndeshi aliyejua akaukunja mpira, na baba aliyeitia nyumba mashindanoni: je, nani aliua ukoka wa Eliapenda, na nani alistahili kutoka na virago vyake siku ile?