Wapwa wa Bwana Semboja

Hata miguu sijanyoosha, mnataka hadithi. Jana mlisinzia sijafika katikati, na mmoja wenu akakoroma kama mashine ya kusaga. Haya, nitasema. Lakini nikimaliza mtanilipa kwa jibu, na "sijui, bibi" silipokei.

Ulikuwako mji chini ya milima, mji wa ukungu, asubuhi watu husikika kabla hawajaonekana. Humo Bwana Semboja alikuwa na nyumba yake, na kati ya waliolala humo nawataka watatu. Mzee Shekue alikuwa na kipaji cha kuota: huwaona watu asiowajua, na ikawa kweli. Nyamizi alikuwa na miguu: hupanda mlima na kushuka, jasho halimtoki. Mwinjuma, kinyozi, alikuwa na ulimi: angemsihi kuku arudi mwenyewe sufuriani, na kuku akamshukuru.

Semboja naye alikuwa na kipaji, cha kukwepa. Mkataba hakuandika, na kodi ya serikali aliijua kwa kuisikia tu. Alipangisha vyumba saba kwa sharti moja: akija mtu kuuliza, wapangaji wote ni wapwa zake. Hata kwenye daftari la mjumbe waliandikwa hivyo. Mzee Shekue, aliyemzidi mjomba wake miaka kumi na mitano, kila asubuhi alimwamkia, "Shikamoo, mjomba," na Semboja akaitikia, "Marahaba," bila haya.

Chumba cha nne alikaa Mishi, msokota kamba kiwandani. Kiwanda kikafungwa. Mjini humo aliyekosa kazi hupewa posho ya miezi sita na Mfuko wa wafanyakazi, ajishikize mpaka apate nyingine. Ila anayetunzwa na ndugu hapewi. Mishi akajaza fomu: mimi ni mpangaji, najitunza mwenyewe. Afisa akaja kuhakikisha, mama mwenye mwavuli mweupe, akachomoza ukunguni kama uyoga.

"Huyu ni mpangaji wako?"

"Mpangaji wapi!" Semboja akacheka. "Mpwa wangu huyu, damu yangu. Anakula kwangu, analala kwangu."

"Mjomba!" Mishi akapiga kelele kwa mshtuko, na hapo ndipo alipojimaliza.

Wenzake wakaruka kumtetea. Afisa akafungua daftari la mjumbe, alilokuja nalo kwapani. "Nanyi wote wapwa. Ndugu hawashuhudiani. Narudi Alhamisi, na kama sina shahidi wa nje, fomu naifuta."

Afisa kageuka tu, Semboja akamwambia Mishi, "Ijumaa niachie chumba. Asiye na kazi simpangishi." Damu yake huyo!

Mzee Shekue akaenda kulala mchana kweupe. Akaota mlango wa buluu juu ya mawingu, na mawingu yenyewe yanapita chini yake taratibu kama kondoo. Mlangoni kaketi mwanamke mwenye pua ya Semboja, anachambua maharage. Ndani, juu ya sanduku, mbeleko mpya imekunjwa, haijabeba kitu. Akazinduka. "Semboja ana dada," akasema. "Mmoja tu, yuko kijiji cha juu kabisa. Na mpwa ni mtoto wa dada. Huyo aulizwe amezaa wangapi."

Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, gari halipandi. Nyamizi akaenda kwa miguu ndani ya ukungu, mpaka akawa anasikia nyayo zake zinamjia kutoka mbele. Akaufikia mlango wa buluu, jina la mwenyewe keshaliulizia njiani. Yeye si msemaji. "Bi Hidaya, unaitwa kwa kaka yako." Basi. Bibi akadhani anaitwa mazikoni, akajifunga kanga ya msiba. Nyamizi akambeba mgongoni, na bibi akasinzia huko juu akaamkia mjini.

Alhamisi hiyo Bi Hidaya kufika mlangoni, anamwona kaka yake anakula maandazi. "Kumbe mzima!" Akaelezwa alichoitiwa. "Nirudisheni. Ndugu yangu simwaibishi mbele za watu."

Mwinjuma akamvutia kigoda. "Bibi, ya kaka yako hatukuulizi. Kuna watu saba humu wanaitwa wanao, na mmoja kesho anatupwa nje. Mama gani asiyeuliza wanawe watalala wapi?"

Bibi akakisukuma kigoda. Kisha akamwendea yule afisa mwenye mwavuli, aliyekwisha kurudi. "Semboja ana dada mmoja, ndiye mimi. Nimetafuta mtoto miaka thelathini, kwa waganga na kwa madaktari. Sikumpata. Wapwa hana." Neno hilo hata jirani yake wa ukuta kwa ukuta hakuwahi kulisikia.

Afisa akagonga muhuri. Posho ya Mishi ikapita.

Wazee wa mtaa wakamhukumu Semboja: aandike mikataba saba kwa mkono wake, na chumba chake mwenyewe, chenye dirisha la mlimani, akitoe bure, maisha yote, kwa mtu mmoja aliyemwokoa Mishi. Mmoja, maana kitanda cha pili hakiingii.

"Bila ndoto yangu, dada mngemjulia wapi?" akasema Mzee Shekue.

"Ndoto ilimbeba nani?" akajibu Nyamizi.

"Mlimbeba akataka kurudi," akasema Mwinjuma.

Bi Hidaya hakudai kitu. Alikuwa anakaza kanga yake, aanze safari. Lakini Mishi alimshika mkono, hataki kuuachia.

Nyie mnatazamana nini? Je, wewe ungeamua vipi, ufunguo apewe nani? Usikawie, maana Semboja amekwisha kutoka na godoro lake kichwani, sasa kaketi sakafuni ukumbini na kalamu, anaandika mkataba wa kwanza, na Mzee Shekue amemsimamia, anataka usomwe kwa sauti.