Bolti Zilizong'aa Siku ya Sherehe

"Chuma laini hupinda, kigumu hukatika kiking'aa." Mmeisikia leo, mkacheka, kisha mkaniuliza nani aliyeitunga. Hakuna aliyekaa akaitunga. Ilimtoka fundi kwa uchungu, na mambo yalikuwa hivi.

Atupele Mwasanjala alikuwa fundi wa vyuma, mwanamke asiyebabaishwa. Kijiji kilimpa kazi ya kujenga daraja la kamba za chuma juu ya korongo, ili watoto waache kuvuka mto kwa miguu wakienda shule. Alilifunga kwa bolti ishirini na nne za chuma kigumu kuliko chote alichowahi kushika.

Kwetu kitu kipya hakizinduliwi kikiwa na uchafu. Bolti zilikuwa zimeshika kutu ghalani, na wazee wakasema hawatakata utepe mbele ya kutu. Atupele akaziloweka kwenye maji ya betri, ile asidi kali, mpaka zikang'aa kama sufuria mpya. Alijua vizuri kwamba bolti ngumu ikishaoga asidi, huokwa tanurini saa nyingi kabla ya kukazwa. Lakini sherehe ilikuwa kesho. Akazikaza hivyo hivyo, akalala usingizi wa pono.

Asubuhi alikuta kichwa cha bolti moja kiko chini. Kilikuwa kimekatika kavu, hakikupinda hata kidogo. Akamkimbilia mwenyekiti, Mzee Mwaipaja.

"Mwenyekiti, leo hapiti mtu."

"Fundi, ng'ombe ameshachinjwa! Bolti moja tu. Hizo nyingine si zinang'aa?"

"Hizo zinazong'aa ndizo ninazoziogopa, baba. Asidi imeacha hewa ndani ya chuma. Kikikazwa, hewa hiyo inakipasua polepole, na nje huoni kitu."

"Na nani aliyeziosha?"

Watu walikuwa wamejaa, watoto wa shule wamepangwa mbele na sare zilizopigwa pasi. Atupele akawatazama wale watoto.

"Mimi. Nilitakiwa kuzioka hewa hiyo itoke, nikafanya haraka. Kosa ni langu."

Mwenyekiti akaguna. Akanyanyua mguu akanyage ubao wa kwanza, awaonyeshe watu kwamba fundi ana woga tu. Ta! Bolti ya pili ikaruka korongoni, na darajani hapakuwa hata na mbuzi. Mzee akaurudisha mguu wake taratibu sana.

"Chuma laini kingepinda, tukaona," Atupele akasema. "Kigumu hukatika kiking'aa."

Nyama ililiwa upande huu wa korongo. Bolti zote zikatupwa, zikaletwa mpya, zikafungwa zikiwa na grisi yake ya kuzuia kutu, bila kuoshwa. Ndipo watoto wakavuka. Na Atupele hakupoteza jina; daraja la pili alipewa yeye, maana fundi anayekiri ni adimu.

Tangu hapo, mtu wa kwetu akiambiwa, "Mwache yule, ni mgumu, halalamiki," huweka jembe chini akaenda kumjulia hali siku hiyo hiyo. Chuma laini hupinda, kigumu hukatika kiking'aa.