Pampu ya Sebuleni

Wapendwa, wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo, huku hakuna anayeuma. Leo nina habari ya mkulima mmoja wa vitunguu. Msianze kutazamana, si wa hapa.

Huyu bwana alikuwa anajua injini. Nasema anajua. Umtajie injini ndogo yoyote, ya pampu ya maji, ya jenereta, ya mashine ya kukata majani, atakuambia ipi inadumu na ipi itakuaibisha mbele ya wakwe. Majina ya kampuni siyataji, maana wengine wenu mna ndugu wenye maduka. Tuseme tu kulikuwa na nyekundu, kulikuwa na ya bluu, na kulikuwa na ya kijani.

Alikuwa na daftari. Anapita bondeni shamba kwa shamba, anasimama kando ya pampu ya mtu, anainamisha sikio, anasikiliza kama daktari, halafu anaandika. Hii inawaka kwa mvuto mmoja. Hii inakula oili. Hii vipuri vyake mpaka viagizwe mjini. Miaka miwili anaandika. Watu wakibishana kijiweni kuhusu injini, yeye akitokea wananyamaza, wakamwita profesa.

Mwishowe akanunua nyekundu, ndiyo iliyoshinda kwenye daftari. Akaijaza petroli, akaivuta mara moja mbele ya majirani, ikanguruma, watu wakapiga makofi. Akaizima. Halafu akaipeleka wapi? Sebuleni, wapendwa. Pembeni ya kochi, imefunikwa kile kitambaa cha kufuma kilichokuwa juu ya redio. Mke wake akauliza, "Baba, hii si ya shambani?" Akajibiwa, "Mfereji bado una maji. Hii ni ya siku ya shida."

Sasa jirani yake alikuwa mama mmoja mjane. Shamba lake lilikuwa mwinukoni, maji ya mfereji hayafiki. Akaja akapiga hodi.

"Jirani, niazime pampu asubuhi moja tu. Vitunguu vyangu vinakauka."

"Mama, hii si mashine ya kuazimana. Naitunza kwa siku ya shida."

"Na mimi ndiyo shida niliyonayo hiyo."

"Shida yangu, mama. Si yako."

Mnacheka. Chekeni tu, huko mbele hapachekeshi sana.

Yule mama akaenda kwa fundi, akaungiwa pampu ya vipande vipande. Tangi la bluu, silensa ya kijani, kamba ya kuvutia sijui ya nini. Kampuni gani? Hakuna ajuaye. Profesa wetu akapita, akainamisha sikio, akatikisa kichwa. "Mama, hii haifiki Krismasi." Mama akamjibu, "Basi ngoja niitumie kabla haijafa."

Akaitumia kila siku. Tena akawa anaiazimisha bonde zima, kwa sharti moja tu: ukirudisha, uwe umeangalia oili na umesafisha chujio la hewa. Kwa hiyo ile mashine ilikuwa inashikwa na kuangaliwa na watu thelathini. Krismasi ikapita, Pasaka ikapita, mashine inadunda.

Mwaka huohuo wa Pasaka hiyo mvua zikagoma. Mfereji ukakauka kabisa, mto ukabaki mwembamba. Kamati ya maji ikapanga zamu, kila mkulima asubuhi moja au jioni moja kwa wiki, basi. Mlinzi anakaa kando ya mto na filimbi, na ikilia unatoa bomba lako majini hata kama wewe ni shemeji yake. Zamu ya bwana wetu ikaangukia Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne. Na vitunguu vyake vilikuwa ndiyo vinaanza kujaza. Mnajua wenyewe, vikikosa maji wiki moja wakati ule, unavuna gololi. Chakula cha nyumba yake cha mwaka mzima kilikuwa kwenye lile shamba.

Jumanne ikafika. Akaifunua mashine, akaibeba mpaka mtoni. Watu walikuja kabisa kuisikia. Akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Saa moja hiyo. Akavua shati. Saa mbili hiyo. Profesa sasa anaibembeleza mashine kama mtoto aliyekataa uji, na moyoni anaogopa, maana jua limeshapanda na hakuna tone lililofika shambani.

Mtu akakimbia kumwita fundi. Huku nyuma akafika yule mama mjane na pampu yake kwenye toroli, maana zamu iliyofuata ilikuwa yake. Akaona mambo yalivyo. Wapendwa, mimi ningekuwa na la kusema. Yule mama hakutaja sebule wala kochi. Alisema tu, "Jirani, lete bomba lako ufunge kwenye yangu. Muda wako unakwisha." Mvuto mmoja, ikawaka. Maji yakaanza kupanda shambani.

Fundi akafika, akafungua kabureta ya ile nyekundu.

"Mzee, petroli hii uliiweka lini?"

"Siku niliyonunua."

"Ulinunua lini?"

"Mwaka jana, mwanzoni."

Fundi akawaonyesha watu. Petroli ilikuwa imegeuka gundi mle ndani. "Mashine haina ubovu wowote," akasema. "Imeziba kwa kukaa." Akaisafisha taratibu, akaweka petroli mpya, akavuta. Lo, iliwaka. Inanguruma vizuri, ina nguvu mara mbili ya ile ya mama. Kila aliyekuwa pale alikubali kwamba yule bwana alikuwa sahihi tangu mwanzo. Nyekundu ndiyo bora bonde zima. Akahamishia bomba lake kwenye nyekundu, akalishusha majini, na filimbi ikalia.

"Kaka," akamwambia mlinzi, "si unaona imewaka?"

"Naona, mzee. Nzuri kweli. Toa bomba."

Nusu ya shamba ilikuwa imelowa, nusu haikupata kitu. Ile nusu haikufika Jumanne iliyofuata. Yule mama akamgeukia akasema, "Jirani, yangu imechemka kwa kazi yako. Niazime ya kwako." Bwana aliibeba mwenyewe akaenda kuifunga kwenye bomba la mama, machozi yanamtoka.

Sasa tuje kwetu sisi. Nawasikia kila Jumapili pale nje baada ya ibada. Kanisa gani lina mafundisho sahihi, kwaya ipi ina upako, wale wa ng'ambo ya barabara wanabatiza vipi. Mzee Lohay, usiangalie dari, wewe ndiye nakusikia zaidi. Mimi sibishi. Inawezekana kabisa sisi ndio tuko sahihi. Yule bwana naye alikuwa sahihi, na usahihi wake haukumwagilia tuta hata moja.

Je, upendo tuliopewa tumeuweka wapi? Siku ya kubatizwa tuliuwasha, watu wakashangilia, tukapiga picha, tukaufunika vizuri. Tunasema tunautunza. Tunamtunzia nani? Upendo hauharibiki kwa kutumika, ndugu zangu, unaharibika kwa kukaa. Na wakati wewe na mimi tunalinganisha nani ana imani bora, kuna mtu nyuma ya ukuta wa nyumba yako anakauka, na muda wake una mwisho.

Msidhani nawasema ninyi peke yenu. Babu Tluway wa pale nyuma ya kanisa, huu mwezi wa pili hainuki kitandani. Ninajua. Napita mlangoni kwake kila siku nikija ofisini, na sijaingia hata mara moja. Nilikuwa na haraka, wapendwa. Nilikuwa naandaa mahubiri haya ya upendo.

Yamebaki mahubiri ya nusu saa kwenye karatasi zangu hapa. Nayaacha. Akina mama wa jikoni, bebeni ile chai na maandazi mliyotuandalia. Vijana, chukueni ndoo mpitie maji bombani. Twendeni kwa Babu Tluway sasa hivi, sadaka tutatoa tukirudi.