Onyo Lililokosa Rangi

Kulikuwa na fundi mmoja, mama wa makamo, aliyesimamia kituo cha mawasiliano kwenye njia panda ya nyaya. Ujumbe wa siku hizi, wapendwa, husafiri kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, na kila ujumbe hupewa rangi yake ili usigongane na mwingine. Ukifika njia panda ukakuta rangi yake imeshachukuliwa huko mbele, kuna mashine inayouhamishia rangi nyingine iliyo wazi. Maneno hayabadiliki hata moja. Pasipo mashine hiyo, ujumbe unaishia hapo hapo.

Mashine ya mama huyu ilikuwa ikipata joto na kulialia mchana kutwa. Ikamchosha, akaizima. Alijiambia, "Njia haina msongamano siku hizi. Nitaitengeneza nikipata nafasi." Na kweli, siku zikapita bila neno.

Asubuhi moja ya masika simu ikalia. Alikuwa mlinzi wa bwawa, huko juu milimani.

"Dada, maji yamezidi, tunafungua milango. Onyo nimeshalituma bondeni. Limepita?"

Akatazama kioo cha kompyuta yake. Onyo lilikuwa limeingia kituoni, halikutoka.

"Nivumilie kidogo, kaka," alisema, akaiwasha mashine. Lakini mashine iliyolala haiamki kwa kuharakishwa. Akapiga simu bondeni. Ikaita, ikaita, kisha haikuita tena.

Siku ya maziko ya watu wa bondeni waliochukuliwa na maji, alisimama nyuma ya watu wote. Mzee mmoja aliyezika wajukuu akamwendea, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, njia ilikuwa imekatika?"

"Hapana, baba."

"Ilikuwa imejaa?"

Alitamani kudanganya. "Hapana. Ni rangi moja tu iliyojaa. Nyingine zilikuwa tupu."

Mzee akamtazama, akarudi makaburini. Heri angemtukana.

Mnamhukumu? Ngojeni kwanza. Sisi je? Kijana anatuletea kilio chake kwa ukali, tunasema hana adabu. Jirani anakileta akiwa amelewa, anataja mkewe, anataja nyumba yake inavyobomoka, nasi tunacheka na kupita. Tunataka kila mwenye shida alie kwa namna tuliyoizoea. Akishindwa, kilio chake kinafia kwetu kama lile onyo, na nafasi ya kumsaidia tulikuwa nayo.

Kuna mtu alikujia juma hili. Umeshamkumbuka, naona unainamisha kichwa. Usiniambie umemwombea. Niambie, kilio chake umekifikisha wapi?